Kughushi Mwanga

Mabibi na mabwana, tuanze na hesabu. Filamu hupitisha fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Ya dakika 90 ina fremu 129,600, na kila fremu siku hizi ina pikseli, yaani vinukta vya rangi, zaidi ya milioni 2. Kwa filamu inayochorwa na kompyuta, kila pikseli inauliza swali lilelile: hapa niweke rangi gani? Kulijibu ndiko tunakokuita kurenda.

Cha ajabu ni kwamba jibu la kweli lilijulikana mapema. Mwaka 1980 Turner Whitted wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alionyesha jinsi ya kuufuata mwale wa mwanga kinyumenyume, kutoka kwenye kamera kwenda kwenye taa. Mwale ukigonga kioo cha kujitazama, unadunda. Ukigonga bilauri, unapenya na kupinda. Picha yake moja ya mipira ilichukua dakika 74. Zidisheni kwa fremu zetu: miaka 18 na ushei, mashine ikiwa moja.

Mwaka 1986 James Kajiya akamaliza nadharia kwa mlinganyo mmoja. Mwanga unaotoka mahali fulani ni ule unaozaliwa hapo, ukijumlisha na ule uliofika kutoka kwingine kote na kurushwa tena. Tatizo liko kwenye hilo “kwingine kote”, maana nako kumepata mwanga wake kwingine. Hesabu haina mwisho.

Basi watu wa filamu wakaamua kughushi. Mwaka 1987 Robert Cook, Loren Carpenter na Ed Catmull walichapisha mbinu iitwayo Reyes, iliyokuja kuwa moyo wa RenderMan, programu ya kurenda ya studio ya Pixar. Reyes haiulizi mwanga umetoka wapi. Inakatakata kila umbo kuwa vipande vidogo kuliko pikseli, inavipaka rangi, inavitupa kwenye skrini na kuvisahau. Kwa kompyuta zenye kumbukumbu finyu, kusahau kulikuwa neema. Toy Story, filamu ya katuni ya Pixar ya 1995, ilirendwa hivyo.

Na mwanga unaodunda? Msanii aliubandika kwa mkono. Zulia jekundu likipaswa kutia wekundu ukutani, aliweka kitaa chekundu cha uongo pale chini. Binafsi nawavulia kofia: lile lilikuwa jicho la mchoraji hasa. Lakini taa za namna hiyo zilirundikana, na kila ukihamisha kiti, unazipanga upya.

Hapo ndipo mizani ilipogeuka. Kumbukumbu ilishuka bei, saa za msanii zikabaki ghali, na wazo la Kajiya likarudi likiwa limebeba riziki. Arnold, programu ya kurenda kwa kufuata miale, ilitangulia. Pixar wenyewe waliikumbatia miale kwa filamu yao Monsters University, 2013.

Miale nayo ina adha yake: chenga. Kwa kuwa hatuwezi kufuata njia zote, tunachagua chache kwa bahati nasibu, na picha inajaa vidoa kama televisheni yenye mawimbi mabovu. Ukitaka chenga zipungue nusu, ongeza miale mara 4; zipungue hadi robo, mara 16. Hakuna bajeti inayovumilia mwendo huo. Kwa hiyo leo tunasimamisha miale mapema, kisha mtandao wa nyuroni, yaani programu ya akili bandia, uliofunzwa kwa picha nyingi unakisia kilichobaki. Ndiyo, tumerudi kughushi, safari hii mghushi ni mashine.

Zimeni taa, tafadhali. Picha ya kwanza ina miale 4 kwa kila pikseli. Tazameni kwenye vivuli.