Kidole Gumba Kinaelekea Wapi?

HAMZA: Tumerudi hewani, na leo naanza na ugomvi. Mjomba wangu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia. Juzi mkono ukaanza kunyanyuka, nyumba nzima vigelegele. Mtu wa fiziotherapia, tiba ya viungo, akampima, akaandika namba tu, tena ndogo! Mbona ninyi wa tiba hiyo mnabania hivyo, dada Mwanaidi?

MWANAIDI: (anacheka) Hajabaniwa, kaka. Akinyanyua mkono, kiwiko kinakuwaje?

HAMZA: Kinakunja. Na bega linapanda karibu na sikio.

MWANAIDI: Ndiyo hapo. Misuli inakwenda kwa mkumbo: akiita mmoja, inakuja yote. Kipimo hicho kinaitwa Fugl-Meyer, kilitoka Sweden mwaka 1975, na kinafuata safari hiyo hiyo. Kwanza mkono hausogei, halafu unasogea kwa mkumbo, baadaye kiwiko kinaachana na bega. Kila tendo lina 0, 1 au 2. Mkono una alama 66, mguu 34.

HAMZA: Mia kamili, kama mtihani wa shule.

MWANAIDI: Ila hapa hakuna kufeli. Na vifaa vyenyewe: nyundo ndogo ya kugongea goti, karatasi, penseli, mpira wa tenisi. Anabana karatasi kati ya kidole gumba na cha shahada, wewe unaivuta. Ikichomoka, 1. Akiing'ang'ania, 2.

HAMZA: Na ile ya kufumba macho? Yule mpimaji alikishika kidole gumba cha mzee, anakipandisha, anakishusha, anauliza, "Kinaelekea wapi?" Mzee anabahatisha. Aibu niliona mimi.

MWANAIDI: Hiyo ndiyo naipenda kuliko zote. Hisia zina alama zake 24, mbali na zile mia: mguso mwepesi, na kujua kiungo kilipo bila kukitazama. Familia nyingi hazina habari nayo, zinauliza kutembea tu. Kumbe mkono unaweza kuwa na nguvu na usijue umeshika nini.

HAMZA: Ehe! Majuzi kashika kikombe vizuri tu, kageuka kuniitikia salamu, kikombe chini.

MWANAIDI: Macho ndiyo yaliyokuwa yameshika kikombe. Yalipohama, vidole vikalegea.

HAMZA: Loo. Nami nikamgombeza.

MWANAIDI: Kamwombe radhi. Na kitu cha moto akiguse kwanza kwa mkono wa kushoto.

HAMZA: Nikampime mwenyewe? Penseli ninayo.

MWANAIDI: Wee! Ukimwinulia kiwiko kidogo kwa huruma, alama zimeharibika. Wewe andika mambo ya nyumbani: kijiko, mlango, vifungo. Kipimo hiki hakiulizi vifungo.

HAMZA: Kifungo jana kafunga kimoja. Cha shingoni.

MWANAIDI: Kwa mkono upi?

HAMZA: Huo huo wa kulia.

MWANAIDI: Mbele ya kioo?

HAMZA: Hapana, kitandani.

MWANAIDI: Kaka, kifungo cha shingoni mtu hakioni. Hilo liandike leo leo.