Kiazi, povu na chunusi zako

Karibuni tena. Leo usiguse uso kwanza, tunaanzia jikoni. Tafuta kiazi mviringo, kisu, visahani viwili, na ile haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya kusafishia vidonda.

Hatua ya kwanza: kata vipande viwili. Kimoja kichemshe dakika 10, kiache kipoe. Cha pili kibaki kibichi.

Hatua ya pili: dondoshea vyote peroksaidi. Sogea uone. Kibichi kinaumuka povu, cha kuchemsha kimekaa kimya. Povu hilo ni oksijeni: kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho katalasi kinaivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Cha kuchemsha, moto umeshakiua kimeng'enya chake.

Sasa shika shavu lako. Humo nako mna katalasi, na ina kazi. Chembe nyeupe za damu zikivamia kitundu cha ngozi kilichoziba, humwaga oksijeni kali, superoksaidi. Kimeng'enya cha superoksaidi dismutasi huigeuza kuwa peroksaidi. Kisha katalasi na glutathioni peroksidasi huimalizia iwe maji. Dismutasi ikiwahi na hawa wawili wakazidiwa, peroksaidi hurundikana. Mafuta ya ngozi nayo, hasa skwalini, huchacha kama mafuta ya nazi yaliyosahaulika juani. Skwalini iliyochacha huziba vitundu na kuzidisha uvimbe.

Hatua ya tatu: funga chupa, irudishe kabatini. Najua wengi mnaipaka kwenye chunusi, mnaona povu mnasema "inasafisha". Sehemu kubwa ya povu lile ni kazi ya katalasi ya mwili wako mwenyewe, ikijitetea! Na bakteria wa chunusi, Cutibacterium acnes, naye ana katalasi yake.

Mtaniuliza: mbona benzoili peroksaidi ni dawa ya chunusi? Swali zuri. Nayo inaunguza kwa oksijeni, lakini inapenda mafuta, hivyo inazama kitunduni na kuwaua bakteria humo.

Hatua ya nne: ukiitumia benzoili peroksaidi, anza na ya asilimia 2.5. Imeonekana kufanya kazi karibu sawa na ya 10, na haichomi sana. Kiasi cha punje ya njegere, usiku, eneo lote lenye chunusi. Lalia foronya nyeupe, maana ya rangi itapauka. Ipe wiki 6 hadi 8. Ngozi ikivimba au kutoka malengelenge, acha, nenda kwa daktari.

Vile viazi tupa vyote viwili. Hata cha kuchemsha, dada, usikionje.