Kichaa cha Ng'ombe na Aina Zake Tatu

Ndugu wasikilizaji, tangu kichaa cha ng'ombe kitambuliwe Uingereza mwaka 1986, tumezoea kukizungumzia kama ugonjwa mmoja wenye chanzo kimoja, yaani unga wa nyama na mifupa uliochanganywa katika chakula cha mifugo. Maelezo hayo yanaitosha aina ya kawaida, iliyowapata ng'ombe zaidi ya 180,000 nchini humo, lakini hayazitoshi aina mbili nyingine ambazo watafiti wa Ufaransa na Italia walizieleza mwaka 2004.

Kinacholeta ugonjwa huu ni prioni, yaani protini ya mwili iliyokunjika vibaya, nayo huzifanya protini nzima zikunjike vivyo hivyo. Kwa kuwa haina jeni ndani yake, aina zake hutambuliwa kwa njia ya kuzunguka. Sampuli ya ubongo husagwa na kutiwa kimeng'enya kinachomaliza protini nzima na kuacha mabaki sugu ya prioni. Mabaki hayo huvutwa kwa umeme ndani ya jeli, ambamo vipande vyepesi hufika mbali kuliko vizito, kisha kingamwili huvidhihirisha kama mistari mitatu. Macho yote huwa kwenye mstari wa chini kabisa, ule wa kipande kisicho na sukari. Ukikaa juu kidogo kuliko wa aina ya kawaida, hiyo ni aina ya H. Ukikaa chini kidogo, ni L. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, na jicho lisilozoea hupitwa nayo kwa urahisi.

H na L hujitokeza mojamoja, hasa kwa ng'ombe wa zaidi ya miaka 8, na inadhaniwa kwamba huzuka zenyewe bila chakula kuhusika. Ng'ombe wa Alabama, Marekani, aliyepatikana na H mwaka 2006, alikuwa hata na badiliko katika jeni ya prioni, ingawa huyo ni wa pekee.

Linalonishughulisha zaidi ni majaribio ya maabara: L ilipopitishwa kwa panya wa kawaida, mmoja baada ya mwingine, ilichukua sura ya aina ile ya kawaida. Kwa hiyo yawezekana mlipuko wa Uingereza ulianzia kwa ng'ombe mzee mmoja mwenye L, ambaye mzoga wake ulisagwa na kulishwa ndama. Na ng'ombe wa namna hiyo wataendelea kutokea, hata pale ambapo aina ya kawaida imekwisha na wafugaji wanadai marufuku ya kulisha mifugo unga wa nyama na mifupa ilegezwe.