Yakobo si Jina la Mdanganyifu

Ndugu mwenyekiti, wazee wa kanisa, nanyi walimu wa Maandiko mliofika kutoka mitaa mbalimbali, nawashukuru kwa kunialika. Mada niliyopewa ni majina ya watu wa Kiebrania katika Agano la Kale, nami nimeamua kusimama zaidi kwenye jina moja, kwa kuwa ndilo linaloonewa kuliko yote katika mimbari zetu. Habari za mapacha wa Rebeka, Esau na Yakobo, mnazijua, jinsi Yakobo alivyojifanya Esau akapewa mbaraka wa baba yao Isaka aliyekuwa haoni, kwa hiyo sitazisimulia kwa kirefu.

Kila ninapokwenda hukutana na tamko lilelile: "Yakobo maana yake ni mdanganyifu." Hutamkwa kwa uhakika mkubwa, na mara baada yake hufuata ushauri kwamba mwenye jina hilo aombewe au aende mahakamani akaape ili alibadili. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, akiwa na hofu ya kweli, kama kukosa kwake kazi kulitokana na jina alilobatizwa. Jambo hili linanikera, wala sioni sababu ya kulificha.

Tuanze pale jina linapotolewa. Mwanzo 25:26 husema kwamba mtoto wa pili alitoka mkono wake ukiwa umeshika kisigino cha Esau, ndipo akaitwa Yakobo. Kisigino kwa Kiebrania ni *akev*, na *Yaakov* linasikika humo waziwazi. Hayo ndiyo maelezo ya msimulizi mwenyewe, na hayana udanganyifu ndani yake, kwa maana mtoto aliyezaliwa dakika hiyo hajamdanganya mtu yeyote.

Basi udanganyifu umetoka wapi? Umetoka katika sura ya 27, aya ya 36, na naomba mtazame ni nani anayezungumza. Ni Esau. Amerudi kutoka mawindoni, amekuta mbaraka wake umekwisha kutolewa kwa Yakobo, analia kwa uchungu, na katika kilio hicho analigeuza jina la nduguye kuwa shtaka: ndiyo maana akaitwa Yakobo, amenitendea hila mara mbili! Shina la neno ni lilelile la kisigino, nalo Esau analitumia kama kitenzi cha kumnyakulia mtu kilicho chake. Ni mchezo wa maneno wa mtu aliyejeruhiwa, na uchungu wake ni wa haki. Lakini ni hakimu gani anayemwuliza mlalamikaji maana ya jina la mshtakiwa, kisha akaiandika katika hukumu? Na mlalamikaji huyu anasema kwamba haki ya mzaliwa wa kwanza ilichukuliwa, ilhali sura ya 25 imeshatueleza kwamba aliiuza mwenyewe kwa mkate na chakula cha dengu, na kwamba aliidharau.

Jambo ambalo wahubiri wetu hulipita ni lile lililo katika aya inayotangulia. Isaka, ambaye ndiye aliyedanganywa hasa, anasema kwamba Yakobo amekuja kwa hila, na neno analolitumia ni *mirma*, ambalo halina uhusiano wowote na jina la mwanawe. Katika sura ya 29 Yakobo naye anapolalamika kwamba mjomba wake Labani amemdanganya kwa kumwoza Lea badala ya Raheli, anatumia kitenzi cha shina hilohilo la *mirma*. Kwa hiyo kitabu cha Mwanzo kina neno lake la udanganyifu, na neno hilo si Yakobo.

Najua mtu ameshaandaa swali: "Mwalimu, je, Yeremia na Hosea hawakulitumia jina hili vibaya?" Walilitumia. Yeremia 9:4 hucheza na jina hili anapoonya kwamba kila ndugu atamnyang'anya nduguye, na Hosea 12:3 hurudi kwenye kisigino tumboni. Lakini manabii wanawakemea watu wa zama zao kwa kuwakumbusha tendo la baba yao, na kukemea tendo si kutafsiri jina. Wala simtetei Yakobo kwa kuvaa ngozi za mbuzi mbele ya mzee asiyeona. Alikosa, na miaka 20 kwa Labani ilimfundisha.

Tena jina lenyewe ni la kale kuliko ugomvi huu. Imechimbuliwa mihuri ya mtawala aitwaye Yakub-Har, wa zama za Wahiksosi waliotawala Misri zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na orodha ya miji ya Kanaani aliyoichonga Farao Thutmose wa Tatu kwenye hekalu la Karnak huko Misri ina mji ambao wataalamu wengi husoma jina lake Yakob-El, na El ni Mungu. Katika Kigeez, lugha ya ibada ya kanisa la Ethiopia, kitenzi *akaba* ni kulinda. Ndiyo sababu wataalamu wengi huona kwamba umbo kamili la jina lilikuwa dua: Mungu na alinde. Mzazi gani angemwita mwanawe "mwongo" siku ya kuzaliwa?

Wengine hunijibu kwamba Mungu mwenyewe alilifuta jina la Yakobo pale kwenye mto wa Yaboki, alipompa jina la Israeli. Someni sababu inayotolewa hapo: ni kwamba ameshindana akashinda, wala hakuna neno kuhusu jina baya. Abramu alipoitwa Ibrahimu, msimulizi hakurudi nyuma kwenye jina la zamani, lakini katika Mwanzo 46:2 Mungu anamwita Israeli usiku, "Yakobo, Yakobo." Musa kwenye kijiti anasikia "Mungu wa Yakobo", na Zaburi ya 46 inaimba hivyo mara mbili. Mitume wawili wa Yesu waliitwa Yakobo, na wenzetu wanaoitwa James wana jina hilohilo lililopitia Kigiriki na Kilatini, ingawa sijasikia James akipelekwa kuombewa.

Muda unakwisha. Mtasema kwamba Yakobo mwenyewe alimbadilisha Benoni, yaani mwana wa uchungu wangu, kuwa Benyamini. Ni kweli, baba alimpa mwanawe jina jingine saa ileile mama alipokuwa akifa, na hiyo ni haki ya mzazi. Lakini Yabesi, aliyeitwa hivyo na mama yake kwa sababu ya huzuni ya kumzaa, aliomba, akajibiwa, akaheshimiwa kuliko ndugu zake, na hakuna aliyembadili jina. Katika 1 Mambo ya Nyakati 2:55 upo hata mji wenye jina hilohilo la Yabesi, na waliokaa humo ni jamaa za waandishi.