Torenti Inatambaa? Tafuta Kwanza Inakwama Wapi

Habari yako, karibu. Leo tunashughulika na torenti zinazotambaa, yaani ile njia ya kushusha faili vipande vipande kutoka kompyuta za watu wengine. Umelipia intaneti ya nyumbani, YouTube inacheza bila kusita, lakini ukishusha faili kwa torenti, kasi inaganda kwenye kilobaiti 90 kwa sekunde na muda uliobaki unasomeka siku mbili. Hapa natumia programu ya torenti ya qBittorrent kwenye Windows, kwa sababu ni ya bure na haina matangazo. Ukiwa na Transmission au nyingine, vitufe vitakuwa na majina tofauti kidogo, kazi ni ileile.

Nina ombi moja kabla hatujaanza: usiguse mpangilio wowote bado. Tukiona kasi ndogo, wengi wetu tunakimbilia kwenye mipangilio na kujaza namba kubwa kila kisanduku, na baada ya hapo hakuna anayejua kipi kimeharibu nini. Tutafute kwanza kasi inapotelea wapi: kwenye faili lenyewe, humu ndani ya nyumba, au huko nje kwa mtoa huduma.

Hatua ya kwanza ni kujua unastahili kasi gani. Kifurushi chako kimeandikwa kwa megabiti, qBittorrent inaonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawanya kwa 8. Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde kitakupa megabaiti 2.5 kwa sekunde, basi. Ukiona 2.2 au 2.3 hapo chini, intaneti yako ni nzima na unaweza kuifunga video hii ukaendelea na shughuli zako.

Sasa pima kasi, ila kwa ujanja kidogo. Tovuti za kupima kasi hukuchagulia seva iliyo karibu nawe. Uko Dar es Salaam, inapima na seva ya Dar es Salaam. Uko Nairobi, inapima na ya Nairobi. Data hiyo haivuki bahari, inazunguka hapahapa nchini. Torenti haiko hivyo. Watu unaoshusha kutoka kwao, wengi wako Ulaya, Marekani na Asia, kwa hiyo data inapita kwenye nyaya za chini ya bahari. Unakumbuka Mei 2024, zilipokatika nyaya za EASSy na Seacom, intaneti ilivyozorota Tanzania na Kenya? Njia ni hizohizo. Kwa hiyo bofya sehemu ya kubadilisha seva, chagua London au Frankfurt, pima tena, na uandike namba zote mbili pembeni. Seva ya ndani ikikupa megabiti 20 na ya London ikakupa 4, jibu lako liko hapo, na hakuna mpangilio wa qBittorrent utakaolibadilisha.

Hatua ya pili ni faili la kupimia. Usipimie faili ulilokwama nalo, maana huenda ugonjwa ni wa faili. Nenda tovuti rasmi ya Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa bure, ukurasa wa njia nyingine za kushusha, uchukue torenti ya toleo la karibuni la Desktop. Ni faili halali kabisa, ni kubwa, na duniani kote kuna watu wengi wanaoligawa saa zote. Liongeze, subiri dakika tano, maana torenti huanza polepole hata pakiwa pazima.

Ubuntu ikienda kasi na faili lako likabaki linatambaa, wewe na rauta yako hamna kosa. Rudi kwenye faili lako uangalie safu ya Seeds. Hawa ndio wenye faili kamili. Unaona namba mbili: ya kwanza ni waliounganishwa nawe sasa hivi, ya kwenye mabano ni jumla ya wanaojulikana. Ukiona sifuri na sifuri, hakuna mwenye faili zima. Bofya faili, kisha chini ufungue kichupo cha General utafute neno Availability. Ikiwa chini ya 1, tuseme 0.97, maana yake ukikusanya vipande vya watu wote waliopo, faili bado halitimii. Ndiyo hizo torenti zinazofika asilimia 97 zikalala hapo wiki nzima. Dawa yake ni kutafuta torenti nyingine yenye watu. Zile orodha ndefu za treka, seva zinazokukutanisha na wenye faili, ambazo watu hunakili mitandaoni na kuzibandika, mara chache sana zinasaidia: kama mwenye faili kamili amezima kompyuta yake, treka hamsini hazitamwamsha.

Ubuntu nayo ikitambaa, tunaendelea, na tunaanzia ndani ya nyumba.

Chomeka waya. Najua, rauta iko sebuleni na wewe uko chumbani. Beba laptopu uende, uchomeke waya wa mtandao kwenye rauta, dakika tano tu. Kasi ikipanda, tatizo ni waifai. Rauta nyingi zina mawimbi mawili, la gigahezi 2.4 na la gigahezi 5. Lile la 2.4 linafika mbali, lakini mtaani kwenye nyumba zilizobanana kila jirani yuko humo. Hamia la 5 ukiwa karibu na rauta. Ukilazimika kubaki kwenye 2.4, ingia kwenye rauta uchague chaneli ya 1, 6 au 11, ile isiyo na majirani wengi. Hizo tatu haziingiliani.

Kabla hujachomoa waya, angalia unahifadhi wapi. Torenti haiandiki faili kuanzia mwanzo hadi mwisho, inaandika vipande huku na huku. Flashi za bei rahisi huchoka haraka na kazi hiyo, na kasi inashuka kwa sababu ya flashi wakati mtandao hauna neno. Tena flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja la gigabaiti 4 au zaidi, kwa hiyo Ubuntu haitaingia kabisa. Shusha kwenye diski ya ndani, ukimaliza ndipo uhamishe.

Sasa tufike pale ambapo, kwa maoni yangu, nyumba nyingi zimekwama: kasi ya kupandisha, yaani ya kutuma data kutoka kwako kwenda nje. Torenti inapokea na kutoa kwa wakati mmoja. Kila furushi unalopokea, kompyuta yako inarudisha ujumbe mdogo kusema nimepata, leta jingine. Ujumbe huo unapita njia ya kupandisha. Programu ikiachiwa ipandishe bila kikomo, njia hiyo inajaa, zile jumbe ndogo zinakaa foleni, na yule wa upande wa pili, asiposikia kitu, anapunguza kutuma. Kushusha kunazorota kwa sababu kupandisha kumefurika. Kwenye intaneti ya laini ya simu ndiko inakouma zaidi, maana kasi ya kupandisha huwa ndogo.

Tuone kwa macho. Fungua Command Prompt, lile dirisha la Windows la kuandika amri, andika ping, acha nafasi, 8.8.8.8, acha nafasi, kisha kistari na herufi t. Bonyeza Enter. Sasa simamisha torenti zote uangalie zile milisekunde, muda wa ujumbe kwenda na kurudi, zinavyotoka mstari kwa mstari. Ziwashe tena, subiri. Kama zilikuwa 20 au 30 na sasa zinaruka 400, 700, nyingine inaandika Request timed out, umeliona tatizo lenyewe. Na watoto wanaolalamika kwamba gemu inagandaganda ukishusha, hawadanganyi.

Dawa: bonyeza Alt na O ufungue Options, nenda Speed. Kwenye Upload imewekwa 0, ambayo maana yake bila kikomo. Weka kama asilimia 80 ya kasi yako halisi ya kupandisha, ile iliyopimwa, achana na ya kwenye tangazo. Mfano, umepimwa megabiti 5 kwa sekunde: gawanya kwa 8, ni kama kilobaiti 610 kwa namna programu inavyohesabu. Asilimia 80 yake ni 490 hivi. Andika 490, bofya Apply, rudi kwenye ile dirisha la ping. Milisekunde zikitulia, umepata. Zikibaki juu, punguza hadi 400, angalia tena.

Ila usiwe mchoyo ukaandika 5. BitTorrent, tangu Bram Cohen alipoitoa mwaka 2001, imejengwa kwa nipe nikupe. Anayeshusha pamoja nawe huwapa kwanza wale wanaompa vizuri. Usipotoa kitu, unabaki unasubiri zamu ya bahati, au unawategemea wenye faili kamili peke yao.

Bado tuko kwenye Options, fungua Connection. Kuna idadi ya miunganisho: 500 kwa jumla na 100 kwa kila torenti. Watu huongeza mpaka 2000 wakidhani kasi itaongezeka. Rauta za kawaida tunazopewa na kifurushi zinakumbuka kila muunganisho kwenye kumbukumbu ndogo, ikijaa, nyumba nzima inapoteza intaneti mpaka uzime na kuwasha. Kama hilo linakutokea, shusha hadi 200 na 50. Mimi huacha hapo moja kwa moja.

Juu yake kuna namba ya poti, yaani mlango ambao wengine wanapitia kukufikia. Ikiwa kati ya 6881 na 6889, ibadilishe, maana hizo ni poti za torenti za tangu zamani na baadhi ya mitandao huzibana. Chagua yoyote juu ya 49152, na uhakikishe kisanduku cha UPnP kina tiki, ili programu iiombe rauta ifungue poti hiyo yenyewe. Rauta nayo lazima iwe imeruhusu UPnP.

Angalia sasa mstari wa chini kabisa wa programu. Kuna namba ya DHT, njia ya programu hizi kutafutana zenyewe bila treka. Ikiwa sifuri muda wote, kuna kitu kinazuia, na mara nyingi ni faiwoli ya Windows. Siku ya kwanza ulipofungua programu, Windows ilikuuliza kama uiruhusu, ukabofya Cancel ili upite haraka. Nenda kwenye faiwoli, tafuta qBittorrent, itie tiki kote kuwili, Private na Public. Pembeni ya DHT kuna alama ya hali ya muunganisho. Ukipeleka kipanya juu yake ikakwambia hakuna miunganisho ya moja kwa moja, wewe unaweza kuwatafuta wengine lakini wao hawawezi kukufikia. Utashusha, ila kutoka kwa watu wachache zaidi.

Na kama umefanya yote hayo na alama haibadiliki? Fungua ukurasa wa rauta, anwani yake imebandikwa chini ya rauta yenyewe, kwa mfano 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Tafuta WAN IP, yaani anwani ya rauta upande wa intaneti. Kisha kwenye kivinjari tafuta "what is my IP". Namba mbili zikitofautiana, na ile ya rauta inaanza na 10, au na 100 ikifuatwa na namba kati ya 64 na 127, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ni kama ghorofa lenye lango moja: wewe ukimtuma mtu nje, akirudi mlinzi anamkumbuka, lakini mgeni anayekuja mwenyewe bila kujua nyumba namba ngapi, anaishia langoni. Rauta za laini ya simu kwa kawaida ziko hivi. Kufungua poti hakutasaidia chochote, usipoteze jioni yako. Mtoa huduma akiwa na IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, iwashe kwenye rauta, kwa sababu huko kila kifaa kinapata anwani yake.

Kimebaki kipimo cha mwisho, saa. Jaribu Ubuntu ileile saa tatu usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni, kisha saa kumi alfajiri. Tofauti ikiwa kubwa, ni msongamano. Kasi ikiwa ndogo saa zote, soma masharti ya kifurushi. Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguza kasi ukishavuka gigabaiti kadhaa ndani ya mwezi. Na kama kila kitu kinakimbia isipokuwa torenti, washa VPN, programu inayoficha data yako isisomwe njiani, ujaribu faili lilelile. Ikikimbia ndani ya VPN, kuna mtu anazibana torenti njiani. Kwa mlioko Tanzania, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wajisajili, basi fanya hilo kwanza.

Ukifika kupiga simu huduma kwa wateja, usianze na habari za torenti, utaambiwa uzime rauta na kuiwasha. Wape namba ulizoandika: kasi ya seva ya ndani, kasi ya London, zote kwa waya, na saa ulizopima. Halafu waulize kama wanatoa anwani ya umma kwa mteja wa nyumbani, na kwa shilingi ngapi kwa mwezi.