Bando Halina Kosa: Kupandisha Tovuti Ukiwa Kigoma

Asante mwenyekiti. Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Waliowahi kunisikia Ujiji wanajua ninachotaka kusema, na naona wawili pale nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitasema tena: tovuti yako ikikesha usiku kucha haijafika kwenye seva, ile kompyuta inayoihifadhi mtandaoni, usikimbilie kununua bando lingine. Hesabu mafaili kwanza.

Tunavyofanya tunajuana. Unafungua FileZilla, programu ya kupandisha mafaili, unaburuta folda nzima ya WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, unakwenda kula ugali kwa migebuka. Ukirudi, haijafika hata robo. Hapo kampuni ya simu inatukanwa, hosti anayekukodisha seva anatukanwa, na mwisho inatukanwa Kigoma yenyewe, eti sisi tuko mwisho wa reli.

Sasa nisikilizeni. FTP, njia ambayo FileZilla inapelekea mafaili kwenye seva, ni mzee. Abhay Bhushan aliandika maelezo yake ya kwanza mwaka 1971, na kanuni tunazozitegemea mpaka leo ni za mwaka 1985. Mzee huyu hana haraka. Kwa kila faili, hata likiwa na herufi tatu tu ndani, programu yako inamwomba seva mlango wa kupitishia data na kusubiri jibu. Inagonga mlango huo na kusubiri ufunguliwe. Inataja jina la faili, inasubiri kukubaliwa. Inatuma, kisha inasubiri kuambiwa "nimepokea". Hizo ni safari nne za kwenda na kurudi. Faili linalofuata linaanza upya.

Na safari yenyewe ni ndefu. Seva nyingi mnazokodi ziko Ulaya au Marekani. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 10,000 zinakula milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, kabla hujahesabu mitambo ya njiani. Ukipima safari hiyo kwa amri ya ping ukaona milisekunde 200, usishtuke. Zidisha mara nne: sekunde 0.8 kwa kila faili, na hapo bado hujatuma kitu cha maana. WordPress tupu ina mafaili kama 3,000. Sekunde 2,400, yaani dakika 40 za kusubirishana tu! Mafaili hayohayo ukiyafunga kuwa zipu moja, yanakuwa kama MB 30. Kwa laini inayopandisha megabiti 4 kwa sekunde (MB moja ni megabiti 8), hiyo ni kazi ya dakika moja.

Ni sawa na mchukuzi wa Kibirizi anayeshusha dagaa mmoja mmoja kutoka kwenye boti, na kila dagaa anamsubirishia risiti. Wewe unataka apanuliwe ubao wa kupitia. Ukipanuliwa atafanya nini nao?

Kuna kijana mmoja anatengeneza tovuti za nyumba za wageni hapa mjini. Alinipigia: "Mzee, mtandao wa Kigoma umekufa." Nikaenda kwake. Ruta iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi. Tovuti anayopandisha ina kurasa tano: vyumba, bei, picha za ziwa, ramani na namba ya simu. Nikamwambia afungue folda tuone. Ndani mna node_modules nzima, folda ya vifaa vya kuundia programu, mna akiba za muda za programu-jalizi (plugin), mna nakala ya zamani ya tovuti ileile, na ndani ya nakala hiyo mna nakala nyingine! Makumi ya maelfu ya mafaili, kwa nyumba ya wageni yenye kurasa tano.

Akabisha. Akasema hosti ndiye aliyelala. Vizuri, kubisha ni haki yake, basi tukapima. Na kipimo hiki kiandikeni, maana ndicho kilichonileta hapa. Chukua faili moja la MB 10, lipandishe, angalia saa. Halafu chukua mafaili 1,000 ya KB 10 kila moja, uzito uleule, uyapandishe kwa njia ileile. Lile moja liliingia kabla hajamaliza kunieleza ubaya wa hosti. Yale 1,000 tuliyakodolea macho: kuomba mlango, kupewa, kutuma, kuthibitishiwa, tena na tena, na kipimo cha kasi pale chini kinaonyesha kilobaiti chache kama vile laini imekatika. Chai ikaja, ikanyweka, yakawa bado yanapanda. Akanyamaza. Tukafuta takataka, tukafunga zipu, tukaipandisha, tukaifungua hukohuko kwenye seva kwa kidhibiti mafaili cha cPanel, ile paneli ya kusimamia tovuti. Kilichomuuma ni mabando aliyokwisha kununua.

Najua kuna mtu ana swali: "Mbona YouTube inacheza vizuri?" Kwa sababu YouTube unashusha, hupandishi, na laini nyingi zinabana upande wa kupandisha. Tena ile ni mkondo mmoja mrefu, na mara nyingi haitoki mbali. Mwingine atasema amefungua FileZilla ipandishe mafaili 10 kwa pamoja badala ya 2. Inasaidia, sikatai, mpaka seva ikurudishie kosa namba 421, umefungua miunganisho mingi kupita kiasi. Hapo utasema hosti anakuonea.

Na sikatai kwamba kuna siku mtandao wenyewe ndio mgonjwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na nchi nzima tuliisikia. Siku kama hiyo funga laptop. Lakini nyaya hazikatiki kila Jumanne unapotaka kupandisha tovuti ya mteja.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi mengine nayapitia mbio. Faili kubwa likifika asilimia 100 halafu programu ikasema limeshindikana, ikaanza upya: FTP ina miunganisho miwili, mmoja wa maagizo na mwingine wa data. Wakati data inapita, ule wa maagizo umekaa kimya, na ruta yako inaudhania umekufa, inaukata. Kanuni ya mwaka 2008 inataka muunganisho uliotulia usikatwe kabla muda wa saa mbili na dakika nne haujapita, lakini ruta nyingi haziisomi kanuni hiyo. Faili limefika salama. Kilichopotea ni neno la "nimepokea". Linganisha ukubwa wa pande zote mbili kabla hujarudia. Dawa ni SFTP, njia nyingine ya kupeleka mafaili kwa usiri, yenye muunganisho mmoja tu kupitia mlango namba 22, na nywila yako haipiti uchi njiani kama kwenye FTP.

Kama hata lile faili moja la MB 10 linasuasua, angalia pakiti zinazopotea, yaani vipande vidogo vya data visivyofika. TCP, utaratibu wa intaneti unaosafirisha pakiti hizo, kwa hesabu zake za kawaida, ukipoteza asilimia 1 ya pakiti kwenye safari ya milisekunde 200, muunganisho mmoja hauvuki sana megabiti 0.7 kwa sekunde, hata ukilipia 20. Sogeza ruta, toa hicho kitambaa, tumia waya. Mwenye ruhusa ya SSH, yaani ya kuingia kwenye seva kwa kuandika amri, atumie programu ya rsync: inatuma kilichobadilika tu, na ukiiagiza itunze vipande vya faili vilivyokwisha fika, ikikatika inaendelea ilipoishia. Ilikuwa na somo lake lenyewe, nalo nimeliacha.

Maswali mawili tu, nimeambiwa. Wewe mwenye shati la bluu, kabla hujauliza: folda yako ina mafaili mangapi?