Roboti la kutembeza mgonjwa wa kiharusi nyumbani: linamfaa nani hasa?

MWANAIDI: Karibuni tena wasikilizaji. Leo ni kiharusi, na hasa haya maroboti ya kumrudisha mtu kwenye kutembea ambayo siku hizi yanatoka hospitali yanamfuata mtu mpaka sebuleni. Mi ni Mwanaidi, kazi yangu fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, niko na kaka Salumu.

SALUMU: Ahsante dada. Na leo mi nina shida kabisa, sio mada tu. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kuna video inazunguka, mzee wa kizungu kavalishwa mkanda kiunoni, waya zimeshuka mpaka kwenye kiatu, anatembea vizuri tu, na watu washaanza kusema tuchange tumnunulie baba mkubwa aliyepata kiharusi. Sasa tuchange au tuache?

MWANAIDI: Pole kwanza. Hela iweke pembeni kidogo, niambie baba mkubwa yukoje saa hizi. Anasimama mwenyewe?

SALUMU: Kwa kushikwa. Akijitahidi anapiga hatua mbili tatu, ule mguu wa kulia haunyanyuki. Bado hajafikisha miezi miwili tangu apate kiharusi.

MWANAIDI: Basi umegusa penyewe. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, walitoa mapitio yao ya mashine za kufundisha kutembea baada ya kiharusi, wamekusanya majaribio 62, watu 2,440. Walichoona ni kwamba ukiunganisha mashine na fizio wa kawaida, wanaokuja kutembea bila kushikwa wanaongezeka, kama kwenye kila watu 8 unamuokoa mmoja ambaye angebaki wa kushikwa. Na wanaofaidika zaidi ni walio ndani ya miezi mitatu ya kwanza na ambao hawawezi kutembea wenyewe.

SALUMU: Si ndo baba mkubwa huyo!

MWANAIDI: Ndo yeye. Ila mashine zilizofanya kazi hiyo nyingi sio za kwenye video yako. Ni mfano wa Lokomat, ile iliyotengenezwa Zurich kule Uswisi, mgonjwa ananing'inizwa kwa mikanda juu ya tredmili, ile mashine ya kutembea pale pale, miguu inavalishwa vyuma vyenye mota kwenye nyonga na kwenye goti, uzito wake unapunguzwa na mashine. Hiyo ni ya kituo kikubwa, chumba kizima, na watu waliosomea wakiwa pembeni. Hizi nyepesi za kubeba nyumbani zinataka mtu ambaye tayari anasimama na anapiga hatua zake, hata kama ni mbaya. Kwahiyo mwenye kuhitaji zaidi sio anayeweza kuachiwa nalo nyumbani, na hili watu wanaouza vifaa hawalisemi kwa sauti.

SALUMU: Aisee. Sasa hili la kwenye video linafanyaje kazi? Maana halina vyuma, ni kama nguo tu.

MWANAIDI: Kwa ulivyoelezea ni familia ya ReStore, nguo ya roboti. Ilianzia Harvard, kwenye maabara ya Conor Walsh, kampuni ya ReWalk ikaichukua, na mwaka 2019 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ikairuhusu kwa watu wa kiharusi. Kiunoni kuna mota na betri, kwenye kigimbi kuna kitambaa kimezungushwa, halafu waya mbili zinashuka ndani ya mrija kama breki za baiskeli. Waya wa nyuma unavuta kisigino kwenda juu pale mguu unapojisukuma kuacha chini, wa mbele unanyanyua vidole mguu ukiwa hewani. Kwenye viatu kuna sensa zinazosoma mguu uko wapi ili waya uvute kwa wakati wake.

SALUMU: Kwahiyo linanyanyua vidole tu?

MWANAIDI: Vidole na kusukuma, na mi naona kusukuma ndo kitu watu wanakisahau. Wote tunaangalia vidole kwa sababu ndo vinakwaa. Nenda kachukue ndala ya mtu aliyepooza upande, ile ya mguu mbovu, utakuta imelika pale mbele, pembeni upande wa nje, na nyuma bado nzima kabisa. Hapo ujue kisigino hakitui kwanza, na mguu unaburuzwa au anauzungusha kwa pembeni kutokea nyongani. Lakini ule msuli wa kigimbi unaomsukuma mtu mbele nao umelala, matokeo yake ule mguu mwingine ulio mzima unafanya kazi ya miwili, mtu akienda chooni na kurudi kachoka kama ametoka shamba. Walipoijaribu hiyo nguo kwa watu 9 waliokaa na kiharusi muda mrefu, matokeo yakatoka 2017, nguvu wanayotumia kutembea ilishuka kama asilimia 10, na tofauti ya msukumo kati ya mguu na mguu ikapungua kama asilimia 20.

SALUMU: Watu 9 ni wachache dada.

MWANAIDI: Wachache, na hapo ni wakati wameivaa. Swali la fizio ni lingine kabisa, ukiivua je? Maana mi simtibu mtu avae mota maisha yake yote, nataka mguu wake ujifunze. Na mguu unajifunza kwa kurudia. Kuna utafiti wa 2009 walikaa wakahesabu hatua kwenye vipindi vya fizio kule Marekani na Kanada, wastani hatua 357 kwa kipindi. Ndogo sana hiyo! Mtoto anayejifunza kutembea anapiga hizo muda si mrefu anacheza uani. Hapo ndo roboti lina maana kwangu, linaongeza hatua bila kuvunja mgongo wa anayemshika.

SALUMU: Ila si unaweza kukuta linamtembeza yeye kakaa tu kama abiria?

MWANAIDI: Ndo hatari yake. Mguu unapelekwa, ubongo haujaomba. Ndo maana napenda wazo la Wajapani, HAL ya kule Tsukuba, kampuni inaitwa Cyberdyne. Ina vibandiko juu ya ngozi vinavyosoma umeme mdogo wa msuli pale mtu anapojaribu kusogeza, hata kama mguu wenyewe haujasogea, ndipo mota inasaidia. Mtu asipojaribu hakuna kinachokwenda. Kwahiyo ukiniletea kifaa chochote, cha bei yoyote, mi nakuuliza, mgonjwa anatoka jasho au anatoka mkavu?

SALUMU: Sasa nirudi kwenye mchango. Hela ikipatikana, na roboti la kituoni hatuna karibu, tufanyeje?

MWANAIDI: Hela hiyo mlipe fizio awe anakuja nyumbani, mara nyingi mnazoweza kwa wiki. Na sisemi hivyo kwa sababu ni kazi yangu. Kuna jaribio kubwa la Marekani linaitwa LEAPS, Pamela Duncan na wenzake, lilitoka 2011, watu 408. Kundi moja lilifundishwa tredmilini huku wamening'inizwa, lingine lilifuatwa nyumbani na fizio, mazoezi ya nguvu na balansi, hakuna mashine ya kutembeza. Vipindi 36, kila kimoja dakika 90. Mwaka ulipoisha, asilimia 52 ya watu wote walikuwa wamepanda daraja la kutembea, na wa nyumbani hawakuachwa nyuma na wa tredmili. Mi hilo jaribio naliheshimu sana, kwa sababu mtu mwenye nyumba ya kawaida kabisa anaweza kulifuata.

SALUMU: Kumbe!

MWANAIDI: Ila uangalie, vipindi 36. Sio karatasi yenye picha za mazoezi mtu anapewa siku ya kuruhusiwa halafu kwaheri. Na kwetu hili sio dogo, ule utafiti wa Tanzania wa 2003 mpaka 2006 ulikuta, ukishasawazisha tofauti za umri wa watu, Dar es Salaam wagonjwa wapya wa kiharusi karibu 316 kwa kila watu laki moja kwa mwaka, Hai kule Kilimanjaro karibu 109. Wengi wanarudi nyumbani mapema na anayebaki nao ni binti wa nyumbani au mke, hajafundishwa hata namna ya kumshika, anamvuta kwa ule mkono uliolegea, bega linatoka. Inaniuma sana hiyo, kwa sababu kumfundisha huyo binti ni kazi ya nusu saa.

SALUMU: Umshike wapi sasa?

MWANAIDI: Simama upande mbovu, mshike kwenye mkanda wa suruali au mfunge kanga kiunoni ushike fundo. Mkono uuache. Halafu pima presha kabla ya mazoezi, ikiwa juu kuliko alivyoambiwa na daktari siku hiyo mpumzishe.

SALUMU: Kuna msikilizaji katuma, mama yake ni mwaka wa tatu, anatembea na fimbo, mguu unakokota, kuna ndugu yuko Kanada anataka kumtumia hivi vifaa vya mguuni. Huyu naye umwambie asubiri?

MWANAIDI: Huyu hapana, huyu ndo anayefaa. Anasimama, anatembea, anachoka haraka, ndo walewale waliojaribiwa na ile nguo. Na kuchelewa kuanza sio mwisho, wapo kwenye LEAPS walioanza tredmili miezi sita baada ya kiharusi na mwisho wa mwaka walikuwa sawa na walioanza mapema. Ila kabla ndugu hajalipia, mambo ya kuuliza. Nani atakirekebisha mota ikifa, kiatu chake kinaingia kwenye kifaa au mguu umevimba, ngazi na vizingiti vya hapo nyumbani vikoje. Na hisia za mguu, kama hasikii vizuri mkanda unaweza kumchuna asijue, kila akivua watazame ngozi, pakiwa pekundu na wekundu hauondoki ndani ya nusu saa wasirudishe, wampigie mtaalamu. Siku za mwanzo asivae akiwa peke yake.

SALUMU: Na kama fizio yuko mbali, mkoani huko?

MWANAIDI: Arekodiwe video. Simu iwe usawa wa goti, nguo ikunjwe juu ya magoti, kwanza apite kwa pembeni kwenda na kurudi, halafu aje anaielekea simu. Dakika moja inatosha, na avae kile kiatu anachovaa kila siku, wasimvalishe kipya.